Jumanne, Saa Nane na Robo

Tangu Bibi alipofariki mpaka tulipomzika zilipita siku kumi na mbili, na siku zote hizo hakuna aliyewasha jiko katika viwanja vyetu. Majirani walileta mkate, nyama baridi na chai ya chupa. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto, wakipokezana, ili marehemu asiachwe peke yake. Sisi wanawake tulikuwa ndani ya trela yake, nyumba yake ya magurudumu. Mimi nilikaa karibu na mlango, kama ninavyokaa siku zote, kwa sababu mtu wa mlangoni hutumwa vitu badala ya kuulizwa maswali.

Jina la Bibi sitalitaja. Kwetu Waromani, watu wa kuhamahama, jina la marehemu huachwa lipumzike.

Mimi naitwa Mizelli, ila watu wamezoea Zelli. Nina miaka ishirini na mbili. Wazazi wangu wako kaskazini, wanafuata kazi za kumwaga lami, na tangu nina miaka kumi na minne nimeishi na Bibi, mama yake mama, kwenye kiwanja namba saba cha kambi ya halmashauri, huku Kent, Uingereza. Yeye alikuwa kwenye trela kubwa, mimi kwenye ndogo iliyo ubavuni. Kiwanja kile alikisubiri kwenye orodha miaka kumi na mmoja, huku polisi wakimwondoa ukingo huu wa barabara, kisha wakimkuta tena ukingo ule. Alipokipata alipanda waridi ndani ya matairi manne, akasema, "Sasa farasi afunguliwe. Hatuendi tena mahali."

Shule niliiacha nikiwa na miaka tisa. Wenzangu walikuwa wakiziba pua nikipita, na mwalimu aliwaona. Siku moja nikabaki nyumbani, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Najua herufi zote, zikiwa moja moja. Zikikaa pamoja kwa wingi zinanizidi.

Haya ya kusoma hayakunisumbua sana mpaka shamba la matufaha nililokuwa nikichuma tangu utoto likaanza kuajiri kupitia kwa wakala, na wakala anataka fomu za kwenye kompyuta. Kazi ikaniponyoka hivyo. Nikaenda mjini, ofisi ya kazi, kuomba posho ya serikali wanayopewa wasio na kazi.

Posho ile ina masharti. Unatia sahihi mkataba. Wangu ulisema nitafute kazi saa thelathini na tano kila wiki, niandike kila nilichofanya katika daftari lililo ndani ya simu, nijibu ujumbe wao, na nihudhurie kila ninapoitwa. Usipohudhuria bila sababu ya msingi, unakatiwa. Msimamizi wangu, Bwana Hollis, aliusoma haraka haraka kama anayetangaza treni, kisha akaniuliza, "Umeelewa?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Maishani nimetikisa kichwa mara nyingi kuliko nilivyosema.

Namba niliyompa ilikuwa ya Bibi. Simu yetu ilikuwa hiyo moja, na mwenye kuipenda alikuwa yeye.

Daftari akawa ananiandikia binamu yangu Amberline, wa kiwanja namba nne. Amberline anasoma, lakini hana subira. Penye kitufe cha kuomba kazi alikuwa anakibonyeza tu, kazi yoyote iwayo.

"Wao wanataka saa thelathini na tano," alisema. "Nikisoma kila moja, hizo saa zitakuwa zangu."

Ndivyo nilivyokuja kupigiwa simu na hoteli moja ya pwani, wananiuliza uzoefu wangu wa umeneja. Nilimpa Bibi simu. Wakaongea nusu saa, akawafundisha namna ya kupika mkate wa nyama ya nguruwe.

Mara mbili Amberline alichelewa kusoma ujumbe, na mara mbili nikakosa miadi. Nikapewa onyo.

Siku iliyofuata baada ya mazishi, Jumanne, tuliivuta trela kubwa hadi kwenye shamba la rafiki yake Mjomba Goliath, nje ya mji. Mjomba Goliath ni mtoto wa kiume wa Bibi, baba yake Amberline. Ni mfupi kuliko wanawake wote wa ukoo, na hakuna anayethubutu kucheka jina lake. Tulirudisha ndani kila kilichokuwa cha Bibi: nguo, matandiko, kiti chake, mabeseni yake. Sahani zake za urembo zilivunjwa kwanza, moja moja, mezani. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Kitu cha marehemu kikibaki kwa walio hai, marehemu naye anabaki, hawezi kwenda.

Amberline aliingia na simu mkononi, imezimika, akaiweka juu ya mto wa kitanda.

"Alilala nayo kila siku," alisema.

Nilikuwa mlangoni, hatua tatu kutoka kitandani. Nikaitazama simu. Nilijua kwamba ofisi ya kazi yote ilikuwa ndani yake: daftari, ujumbe, Bwana Hollis mwenyewe. Ningenyoosha mkono tu. Nikashuka ngazi. Mjomba Goliath akaitia trela moto.

Moshi ulipanda juu sana. Upande wa pili wa barabara wamejenga nyumba mpya, na bila shaka mtu wa huko alipiga simu, kwa maana muda si mrefu gari la zimamoto likaja kwa king'ora. Akashuka mwanamume mrefu, akaongea na Mjomba pembeni. Kisha akavua kofia yake ngumu, akaishika kwapani, na wenzake nao wakavua. Hawakuuzima moto. Walikaa na mpira wa maji wakilowanisha ua wa miti usije ukashika. Mjomba akaniita, akaniambia niwapelekee chai.

Wiki mbili baadaye siku ya posho ilifika, na posho haikuingia.

Nilikwenda mjini kwa miguu. Mlinzi wa mlangoni pale ofisi ya kazi akanizuia.

"Una miadi?"

"Sina."

"Bila miadi huingii, dada."

"Nimekuja kwa sababu nilikosa miadi."

Akafikiri kidogo. "Sasa si ungekuja siku ile?" Lakini akanifungulia.

Bwana Hollis ni mtu wa makamo, mashati yake yamepigwa pasi mbele tu. Hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa nayo, maana mtu mwenye hasira hasubiri jibu.

"Mizelli. Nilikutumia ujumbe, nikakukumbusha, nikapiga. Simu haipatikani. Miadi yako ilikuwa Jumanne ile, saa nane na robo. Ulikuwa wapi?"

"Msibani."

"Pole sana. Msiba wa nani?"

"Bibi."

"Pole. Ila ungetuambia."

"Simu haikuwepo."

"Uliipoteza?"

"Iliungua."

"Iliunguaje? Nyumba ilishika moto?"

"Hapana."

Alisubiri. Nikaangalia kalamu yake. Mambo haya hayaambiwi watu wa nyumba, yaani wasio Waromani, na hata kama yangeambiwa, sikujua yanaanzia wapi. Akashusha pumzi, akanigeuzia skrini ya kompyuta, kana kwamba ningeweza kuisoma.

"Hii ni mara ya tatu. Umekatiwa posho siku ishirini na nane. Siyo mimi ninayekata, uelewe. Mimi napeleka jina, na huko juu kuna mtu anaitwa mwamuzi. Yeye hakuoni, anaona karatasi. Unaweza kuomba aangalie upya, lakini ulete sababu ya msingi, na ushahidi. Na nimekupa miadi nyingine, wiki ijayo, Jumanne, saa ile ile. Ukiikosa hiyo, faili linafungwa."

"Likifungwa?"

"Linafungwa pamoja na msaada wa kodi ya kiwanja."

Alinipa barua. Nikatikisa kichwa, nikaondoka.

Njiani sikuwaza chakula. Ukoo hauwezi kuniacha na njaa. Nilikiwaza kiwanja namba saba. Kodi isipolipwa, halmashauri inampa anayefuata kwenye orodha, na orodha ni ndefu. Miaka kumi na mmoja ya Bibi ingepotea kwa sababu yangu, kabla waridi zake hazijachanua hata mara moja bila yeye.

Nilipofika, Mjomba Goliath alikuwa kwa Amberline, anakunywa chai. Amberline akasoma barua kwa sauti. Mjomba akaniuliza, "Umewaambia nini?"

"Kwamba simu iliungua."

"Ukaishia hapo?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Vizuri. Yaishie hapo hapo. Mambo ya mama yangu hayatawekwa mezani kwa watu wa nyumba yakapigwe muhuri."

"Baba, wanataka ushahidi," Amberline alisema. "Tukawachotee majivu?"

"Funga mdomo, Amberline."

"Nimefunga. Ila ndio mdomo unaomsomea Zelli barua."

Mjomba akazungusha kikombe. "Aseme alishikwa na tumbo. Tumbo halina ushahidi."

"Tumbo la siku kumi na tatu? Watamlaza hospitali."

"Basi aseme simu iliibiwa."

"Nani akaiibe, Baba? Ukiripoti wizi polisi wanakuja huku huku kuitafuta. Unawajua."

Mjomba alijua ni kweli. Aliniambia, kwa sauti ya chini, "Ukishindwa, utakuja kwangu. Nitakupa nafasi nyuma ya trela yetu. Kiwanja ni udongo tu, mwanangu."

Alisema hivyo akitazama nje, kwenye yale matairi manne.

Alipotoka nilibaki na Amberline, naosha vikombe kwenye beseni la vikombe. Nikamkumbuka Bibi na barua. Bibi hakujua hata herufi moja, lakini barua yoyote ikija ilikuwa lazima isomwe mara mbili. "Mara ya kwanza mtu husikia anachokiogopa," alikuwa akisema. "Mara ya pili ndipo husikia kilichoandikwa." Watu walikuwa wakimcheka. Hata kadi za Krismasi zilisomwa mara mbili.

"Amberline," nikasema. "Isome tena."

"Nini?"

"Barua. Toka mwanzo."

"Zelli, imeshasomwa. Umekatiwa. Haitabadilika kwa kusomwa."

"Isome tu."

Akaichukua kwa kulalamika, akakaa. Safari hii sikusikia "umekatiwa" peke yake. Chini kabisa, baada ya maneno mengi magumu, barua ilisema kwamba naweza kueleza kwa maneno yangu mwenyewe, na kuleta maandishi kutoka kwa mtu au ofisi yoyote iliyokuwepo wakati wa tukio.

"Hapo," nikasema. "Ofisi iliyokuwepo."

"Ofisi gani ilikuwepo shambani?"

"Zimamoto."

Amberline akaishusha barua. Akaniangalia kama mtu aliyeona kuku wake anaogelea.

Asubuhi honi ilipigwa nje ya trela yangu. Mjomba Goliath alikuwa kwenye gari lake la mizigo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Amberline alikuwa amemwambia. Siri haijapata kulala kwa Amberline.

"Panda," alisema. "Nakufikisha. Mimi siingii."

Kwenye kituo cha zimamoto aliegesha mbali na geti, akazima injini, akakunja mikono. Nilishuka, nikatembea hadi geti, nikarudi nusu ya njia, nikageuka tena. Alikuwa ananiona kwenye kioo.

Ndani walikuwa wanaosha gari lao. Yule mrefu alikuwepo. Kwenye kifua chake paliandikwa jina, nikalisoma herufi moja moja nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiharakisha: Tolhurst.

"Nikusaidie, binti?"

"Ulikuja kwenye moto wetu," nikasema.

Akaweka kitambaa chini. "Trela. Shamba la nje ya mji. Wewe ndiye uliyetuletea chai."

Nikatikisa kichwa.

"Vikombe sita kwenye sinia na hukusema neno. Huyu hapa aliuliza kama wewe ni bubu." Akamwonyesha mwenzake, ambaye aliinama akaendelea kusugua tairi. "Na mkatuambia tuondoke navyo vikombe. Tunavyo hadi leo, vile vyenye waridi. Zawadi nzuri kwa watu walio msibani. Tulishangaa."

Haikuwa zawadi. Kikombe kilichonywewa na mtu wa nyumba kwetu hakirudi kabatini, ndiyo maana Mjomba aliniambia nitumie vile vipya tulivyonunua kwa ajili ya wageni wa msiba, na nisivirudishe. Sikumweleza. Nilimweleza yale mengine: posho, miadi, simu, barua. Yalitoka vipande vipande, na kila nilipokwama alisubiri bila kunimalizia sentensi. Sijazoea mtu kunisubiri hivyo.

Akaingia ofisini, akatoka na karatasi. "Kila tunapotoka tunaandika. Sikiliza. 'Jumanne. Gari limefika saa nane na dakika tisa. Trela moja inaungua kwa ridhaa ya familia, desturi ya mazishi. Hakuna hatari kwa watu. Ua umelowanishwa. Gari limeondoka saa tisa na nusu.'"

"Soma tena, tafadhali," nikasema.

Akasoma tena. Saa nane na dakika tisa. Bwana Hollis aliponisubiri saa nane na robo, mimi nilikuwa nimebeba sinia.

"Mmeandika waliokuwepo?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mjomba Goliath alikuwa amesimama getini, kofia mkononi.

"'Wanafamilia kiasi cha arobaini,'" Tolhurst alisoma. "Majina hatukuandika, mzee."

"Basi haisaidii. Watasema hakuwepo."

"Nitaandika barua kwamba huyu alikuwepo. Nimemwona kwa macho yangu, nimekunywa chai yake."

Mjomba akasogea hatua moja. "Na jina la marehemu, afande. Usiliandike."

"Sitaliandika."

"Na usiseme tulichoma takataka. Wengine huandika hivyo. Takataka."

Tolhurst akafuta vidole kwenye suruali. Akatuonyesha ile karatasi, akaweka kidole chini ya maneno mawili. Mjomba naye hasomi. Mimi ndiye niliyeinama, nikayafuata polepole, nikamwambia, "Imeandikwa desturi ya mazishi, Mjomba."

Mjomba alivaa kofia yake, akaivua tena. Tulipokuwa tunaondoka, mmoja wa wale vijana alitoka jikoni anakunywa kahawa kwenye kikombe chenye waridi. Mjomba akaangalia viatu vyake hadi tulipofika kwenye gari.

Jumanne nilifika ofisi ya kazi nusu saa kabla. Mlinzi akaniuliza, "Leo una miadi?"

"Ninayo."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Umewahi mno. Kaa hapo, usije ukaikosa ukiwa ndani."

Bwana Hollis aliisoma barua ya zimamoto hadi mwisho. Aliangalia cheti cha kifo nilichomsogezea kikiwa kimekunjwa, akakisoma kimya kimya, akakirudisha bila kulitamka jina. Sijui kama alikuwa anajua au ilitokea tu. Nilimshukuru moyoni.

"Hii inanisaidia sana," alisema. "Kwa hiyo moto uliwashwa na simu ikawa imesahaulika ndani. Bahati mbaya."

Alikuwa ameshaweka vidole juu ya kompyuta. Ningetikisa kichwa tu. Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe, na nadhani alitaka nipite. Lakini nilifikiri: nikisema ilisahaulika, basi nimesema kwamba siku ya Bibi tulifanya uzembe. Hatukufanya uzembe. Hakuna kilichosahaulika siku ile, hata sindano zake za kushonea.

"Haikusahaulika," nikasema.

"Samahani?"

"Simu. Niliiona juu ya mto. Nilikuwa karibu kama nilivyo na wewe hapa. Niliiacha."

Akaondoa vidole kwenye kompyuta. "Ulijua kwamba tunakutafuta kwa simu hiyo?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Ilikuwa yake. Kitu cha marehemu hakirudi kwa walio hai. Kikirudi, hapumziki. Yeye amehamishwa maisha yake yote, Bwana Hollis. Sikutaka tena awe na kitu cha kumrudisha njiani."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu wa ofisini. Na kwa kuwa nilikwisha kuharibu, niliona nimalize.

"Na kuna jingine. Sijui kusoma vizuri. Lile daftari siandiki mimi."

"Nani anaandika?"

"Binamu yangu."

"Ile hoteli, umeneja?"

"Ni yeye."

"Na rubani wa helikopta?"

"Hilo silijui."

"Uliomba mwezi wa tatu. Ulisema una uzoefu." Akachukua kikombe chake, akanywa kwa muda mrefu kuliko chai iliyokuwemo. Alipokiweka, uso ulikuwa umetulia. "Mizelli, mkataba huu nilikusomea mimi. Nikakuuliza kama umeelewa."

"Nilitikisa kichwa."

"Ulitikisa. Nami nikaridhika." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayejisemea. Kisha akavuta kiti. "Haya. Sikiliza. Mkataba haukuandikwa kwa mtu kama wewe, na huo naweza kuubadilisha leo, hapa hapa, ni kazi yangu. Maktaba ina darasa la kusoma, Jumatatu na Alhamisi. Saa za darasa zitahesabiwa kama za kutafuta kazi. Na nitaweka alama kwenye faili kwamba wewe hupelekewi ujumbe, unapigiwa. Lakini ile adhabu siyo yangu. Nitamwandikia mwamuzi maneno yako kama ulivyoyasema. Na hilo pia, kwamba uliiacha kwa kujua. Nikilificha nitakuwa nimekuharibia."

"Liandike."

"Anaweza kukataa."

"Liandike."

Akaandika. Akanisomea. Nikamwomba asome tena, akasoma tena, na mara ya pili nikamrekebisha mahali pamoja: alikuwa ameandika kwamba familia ilichoma mali ya marehemu kwa sababu ya imani. Nikamwambia aandike kwa sababu ya heshima. Akabadilisha.

Mjomba Goliath aliniletea simu ndogo ya vitufe, mpya, kwenye boksi.

"Hii ni yako," alisema. "Jina lako, namba yako. Ukifa tutaichoma."

"Asante, Mjomba."

"Usiharakishe lakini."

Nilianza darasa. Mwalimu ni mama mzee mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na tuko watano. Hakuna anayeziba pua. Wiki ya kwanza sikusema kitu, wiki ya pili nilisoma mstari mmoja wa tangazo la mbegu za maua, hadi mwisho. Nilikuwa mlangoni bado, ila kiti nilikigeuza kuelekea ndani.

Siku zikapita bila jibu. Amberline akawa ananiletea supu na kuniuliza kila siku, mpaka nikamwambia akiuliza tena nitamwombea kazi ya urubani.

Simu ililia Ijumaa, wakati nakata vijiti vilivyokauka kwenye waridi. Namba ngeni. Zamani ningeiacha ilie mpaka ichoke, au ningempelekea Bibi. Nilifuta mikono kwenye aproni, nikabonyeza.

"Mizelli? Hollis hapa, ofisi ya kazi."

"Ndiyo."

"Jibu la mwamuzi limekuja. Nakusomea, sawa? 'Baada ya kuangalia upya maelezo na ushahidi, nimeridhika kwamba mwombaji alikuwa na sababu ya msingi. Adhabu imefutwa, na posho iliyozuiwa atalipwa. Faili libaki wazi.'"

Nilisimama na mkasi mkononi. Kwenye masikio yangu palikuwa na neno "adhabu" tu, linazunguka. Mjomba Goliath alikuwa anapita na ndoo. Aliponiona alisimama, akaishusha chini taratibu.

"Mizelli? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Soma tena, tafadhali. Toka mwanzo."

Nikaisogeza simu kutoka sikioni, ili na Mjomba asikie.